Ukuta wa nyuzi 71, ukuta wa nyuzi 109, au filamu isiyo na ukuta: uchague ipi kwa kazi ya umemejua?

Tunazungumzia filamu nyembamba za bismathi feriti, fuwele inayozalisha umeme ikimulikwa; ukuta ni mpaka kati ya maeneo mawili ya fuwele hiyo, na nyuzi ni kipimo cha pembe. Jibu la haraka kwanza. Ukitafuta volti nyingi, tengeneza filamu yenye kuta za nyuzi 71. Ukitaka kuchunguza jinsi ukuta wenyewe unavyopitisha umeme, chukua nyuzi 109. Ukitaka kujua mwanga unazalisha nini ndani ya fuwele yenyewe, anza na filamu isiyo na ukuta hata mmoja, ingawa picha zake hazivutii. Na kama lengo ni wati za kuwasha taa, hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo tayari. Hapo kikwazo kikubwa si ukuta bali pengo la nishati, yaani nishati ya chini kabisa ambayo mwanga unahitaji kuwa nayo ili ufyonzwe, nalo tutalifikia.

Tunalinganisha filamu za bismathi feriti, BiFeO3, oksidi ambayo kuta zake zimemulikwa na kupimwa sana tangu 2009. Fuwele yake ni kama mchemraba uliovutwa kidogo kwenye kona mbili zinazokabiliana. Ndani yake chaji chanya na chaji hasi hazikai mahali pamoja, na mtengano huo una mwelekeo, tuuite mshale. Mshale huelekea mojawapo ya kona 8 za mchemraba. Eneo ambalo mishale yote imeelekea kona moja ndiyo domeni, na domeni mbili zinapokutana pana ukuta wenye unene wa nanomita chache tu. Jina la ukuta ni ile pembe ambayo mshale hugeuka ukivuka upande wa pili: 71, 109 au 180.

Jiometri kwanza, maana ndiyo inayoamua mengine

Chukua mshale wenye vijenzi x, y na z, ambapo z ndiyo inayotoka nje ya uso wa filamu. Ukuta wa nyuzi 71 hugeuza kijenzi kimoja tu. Wa nyuzi 109 hugeuza viwili. Wa nyuzi 180 hugeuza vyote vitatu. Katika filamu yenye uso wa (001), yaani bapa la mchemraba (namba za mabano hutaja uso au mwelekeo wa fuwele), na domeni za mistari, kuta za 71 hulala kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka kwenye uso, na kuta za 109 husimama wima.

Sasa tazama kinachobaki. Kwenye mistari ya 71, y hubadilika huku na huko domeni hadi domeni, lakini x na z hazibadiliki. Kwenye mistari ya 109, y na z hubadilika pamoja, x inabaki. Kwa hiyo katika aina zote mbili, ukijumlisha mishale ya filamu nzima, kinachobaki kwenye bapa la filamu ni x, na x inakatiza kuta. Maana yake ni kwamba ukiweka elektrodi ili mkondo ukatize kuta, umeuweka pia kwenye mwelekeo wa mshale wa jumla. Mambo mawili yanapimwa kwa mkupuo mmoja, na vipimo vingi vimesifiwa kwa ajili ya ukuta wakati kazi ilikuwa ya mshale.

Volti 16 zilizoanzisha gumzo

Mwaka 2010 kundi la Berkeley, Marekani, lilionyesha filamu ya BiFeO3 yenye unene wa nanomita 100 hivi, iliyooteshwa juu ya kitako, yaani fuwele ya chini inayoibeba, cha DyScO3 na kuwekewa elektrodi za platinamu zilizoachana mikromita 200. Chini ya mwanga mweupe ilitoa takribani volti 16. Pengo la nishati la BiFeO3 ni kama elektronivolti (eV) 2.7, kwa hiyo kiungo cha kawaida cha umemejua kisingetegemewa kuvuka volti 2.7. Seli moja ya silikoni iliyo juu ya paa hutoa volti 0.6 hadi 0.7.

Hesabu yao inafuatika bila shida. Kuta za 71 zilipangana kila baada ya nanomita 140 hivi. Mikromita 200 ukigawa kwa nanomita 140 ni kuta 1,430. Volti 16 ukigawa kwa 1,430 ni kama milivolti 11 kwa kila ukuta. Maelezo yakawa kwamba kila ukuta ni kangazi kadogo ka umeme kanakotenganisha elektroni na tundu lake (nafasi yenye chaji chanya ambayo elektroni imeiacha), na ngazi hizo zimepangwa mfululizo kama betri ndani ya tochi. Elektrodi zilipogeuzwa ili mkondo ukimbie sambamba na kuta, volti kubwa ilitoweka.

Mwaka 2013 kundi la Halle, Ujerumani, lilipima volti hiyo huku likishusha joto, na likafikia uamuzi tofauti: chanzo ni fuwele nzima, si ukuta, na kwa kudhibiti upitishaji wa kuta unaweza kufika hadi volti 50. Walionyesha pia kwamba ukimulika, kuta hupitisha umeme kuliko fuwele iliyozizunguka. Fomula yake ni fupi:

V = J × d ÷ (σ ya gizani + σ ya mwangani)

J ni msongamano wa mkondo unaozalishwa na mwanga ndani ya fuwele isiyo na ulinganifu wa katikati, d ni umbali kati ya elektrodi, σ ni upitishaji. Ona kwamba V inaongezeka sawia na d bila ukuta wowote kutajwa. Kwa hiyo grafu iliyonyooka ya volti dhidi ya umbali si ushahidi wa ukuta. Inakubaliana na maelezo yote mawili, na hapo ndipo wengi huteleza. Ukuta unaovuja huingia kwenye fomula upande wa chini: unaongeza σ, unapunguza V. Kwa maelezo ya kwanza ukuta ni betri. Kwa ya pili ni bomba lenye tundu.

Je, ukuta hauongezi chochote basi? Mwaka 2017 vipimo vya sindano nyembamba vilionyesha mkondo wa mwanga ukiwa mkubwa zaidi palepale ukutani kuliko pembeni yake. Maoni yetu: fuwele ndiyo mzalishaji mkuu, ukuta ni msaidizi wa mahali padogo, na mara nyingi ni mvujishaji.

Ukuta wa 71 dhidi ya wa 109

| | Nyuzi 71 | Nyuzi 109 | Bila ukuta |
|---|---|---|---|
| Kijenzi z cha mshale | hakibadiliki | juu, chini, juu, chini | hakibadiliki |
| Ukuta ndani ya filamu | umelala nyuzi 45 | umesimama wima | hakuna |
| Uvujaji gizani | mdogo, si sifuri | mkubwa zaidi | wa fuwele tu |
| Volti kati ya elektrodi za mbali | kubwa | hutegemea uvujaji | kubwa ikiwa filamu ni safi |
| Kinachofaa kusomwa | volti, mpangilio | upitishaji wa ukuta | chanzo cha mkondo |

Safu ya uvujaji ina historia yake. Vipimo vya kwanza, mwaka 2009, vilikuta kuta za 109 na 180 zikipitisha umeme na za 71 zikiwa kimya. Mwaka 2011 kundi la Groningen, Uholanzi, likaonyesha kwamba hata za 71 hupitisha. Hakuna anayelazimika kuwa amekosea. Nafasi tupu za oksijeni hupenda kujikusanya ukutani, na idadi yake hutegemea jinsi filamu ilivyooteshwa na kupozwa. Filamu mbili zenye kuta za jina moja zinaweza kutofautiana kwa sababu tu moja ilipozwa kwenye oksijeni kidogo.

Kuhusu kuzipata: kinachosukuma filamu kuelekea 71 au 109 ni kile kilicho chini yake. Ukiweka kipitishi, kwa kawaida SrRuO3 yenye unene wa nanomita 20 hadi 50, kipitishi hicho hutuliza chaji zinazojitokeza chini ya filamu. Kijenzi z kinaweza kubaki upande mmoja, na filamu inahitaji tu kupunguza mkazo wa kitako, inachagua 71. Ukiondoa kipitishi au ukikifanya chembamba mno, chaji za z hazina wa kuzituliza, hivyo filamu hujigawa yenyewe juu na chini ili zifutane, inachagua 109.

Mtego uko hapa. Kipitishi kinachokupa 71 kirahisi ndicho kitakachoua volti yako. Elektrodi mbili za juu zikiwa mbali mikromita 200, mkondo hautapita ndani ya filamu umbali wote huo. Utashuka nanomita 100 hadi kwenye SrRuO3, utateleza humo, kisha utapanda nanomita 100 upande wa pili. d yako imekuwa nanomita 200, si mikromita 200. Kwa kifaa cha elektrodi za pembeni, kitako lazima kiwe kizio (kisichopitisha umeme) mpaka juu. 71 bila kipitishi inawezekana, na kifaa cha Berkeley ni mfano, ila inataka masharti ya uoteshaji yarekebishwe kwa subira. Uso wa (110) wa DyScO3 unasaidia kwa sababu pande zake mbili hazilingani, na badala ya aina nne za domeni unabaki na mbili. Kwa filamu ya kuchunguzwa kwa sindano kutoka juu hadi chini, weka SrRuO3 bila wasiwasi.

Hakikisha umepata nini kabla ya kuweka elektrodi. Hadubini ya sindano yenye kusoma mtetemo wa fuwele inatofautisha aina hizi kwa dakika chache. Picha ya mtetemo wa juu-chini ikiwa rangi moja na ya pembeni ikiwa na mistari, ni 71. Zote mbili zikiwa na mistari inayolingana, ni 109. Usitegemee jina la kitako pekee.

Filamu isiyo na ukuta

Hii ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayopaswa kuoteshwa kwanza. Bila yake huna cha kulinganishia. Njia inayojulikana ni SrTiO3 ya (001) iliyokatwa kwa kuinama nyuzi 4. Mwinamo ukielekea [100], aina za domeni hupungua kutoka nne hadi mbili na unapata mistari. Ukielekea [110], inabaki aina moja. Vingazi vya atomu vilivyo kwenye uso ulioinama ndivyo vinavyoilazimisha filamu kuchagua upande. Agiza mwinamo kwa maandishi ukitaja mwelekeo na nyuzi, na ukipokea upime kwa miale ya X, kwa sababu mwinamo usio sahihi unaweza kurudisha domeni ambazo hukuzitaka.

Tahadhari moja kuhusu SrTiO3: pengo lake ni eV 3.2 hivi. Ukimulika kwa leza ya nanomita 365, ambayo ni eV 3.4, kitako nacho kitaanza kupitisha umeme na utapima kitako ukidhani ni filamu. Tumia nanomita 405, yaani eV 3.06: BiFeO3 inafyonza, SrTiO3 safi inabaki kimya. DyScO3 ina pengo pana zaidi na haina usumbufu huo.

Kuotesha bila kuharibu ulinganisho

Kwa uoteshaji wa mapigo ya leza, shabaha (kipande kinachopigwa na leza) huwa na bismathi ya ziada ya asilimia 10 kwa sababu bismathi huvukiza mapema. Mahali pazuri pa kuanzia ni joto la nyuzi 650 hadi 700 za Selsiasi, oksijeni ya paskali 13 hivi, leza ya nanomita 248 na nishati ya joule 1 hadi 1.5 kwa sentimita ya mraba. Ukimaliza, jaza chumba kwa oksijeni hadi karibu na kanieneo ya hewa na upoze taratibu, nyuzi 5 hadi 10 kwa dakika. Ukikimbilia kupoza kwenye oksijeni ileile ya paskali 13, nafasi tupu zitabaki, chuma kitashuka kutoka hali ya 3+ kwenda 2+, na uvujaji utapanda kote, ukutani zaidi.

Bismathi ikizidi, juu ya filamu huota visiwa vya mraba vya oksidi ya bismathi. Ikipungua, huingia Fe2O3 au Bi2Fe4O9. Vyote huonekana kwenye miale ya X kabla ya kupoteza muda kwa elektrodi. Muhimu kuliko yote: filamu unazolinganisha ziwe na unene mmoja na zipozwe kwa utaratibu mmoja, ikiwezekana zikae pamoja kwenye hita ileile. La sivyo unalinganisha oksijeni, si kuta.

Kupima: hapa ndipo volti hupotea au huzuliwa

Kifaa cha aina hii kina ukinzani wa kutisha. Tuseme kinatoa volti 16 kwenye saketi wazi (mkondo usipotoka) na nanoampea 1 kwenye shoti (elektrodi zikiunganishwa moja kwa moja). Ukinzani wake chini ya mwanga ni gigaohmu 16. Ukiweka mita ya kawaida ya mfukoni yenye ukinzani wa megaohmu 10, utasoma 16 × 10 ÷ 16,010, yaani milivolti 10. Filamu nzuri itatupwa kwa sababu ya mita. Unahitaji elektromita yenye ukinzani wa kuingilia wa ohmu 10¹⁴ au zaidi, pamoja na kebo zenye ngao mbili, ile ya ndani ikiwa kwenye volti ileile ya waya wa katikati. Kebo ya kawaida ya mita moja ina pikofaradi 100 hivi. Zidisha kwa gigaohmu 16, unapata sekunde 1.6. Subiri angalau sekunde 8 kila hatua kabla ya kusoma. Anayefagia volti haraka huchora kitanzi kizuri ambacho ni cha kebo.

Kuna pia mkondo wa joto. Fuwele yenye mshale hutoa mkondo kila inapopashwa au kupoa, hivyo ukiwasha taa utaona mruko, na ukizima utaona mruko wa kinyume. Mkondo wa kweli wa mwanga ni ule unaobaki tambarare kati ya miruko hiyo. Acha mwanga ukae dakika moja au zaidi.

Baada ya hapo tenganisha washukiwa. Badilisha nyaya za elektrodi: alama ya volti igeuke na ukubwa ubaki uleule. Ikitofautiana sana, kuna kosa la mita au uvujaji wa nyaya unaochangia. Kisha weka mbele ya leza kibamba cha nusu-wimbi, kinachogeuza mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, na ukizungushe. Mkondo wa fuwele hupanda na kushuka kwa mpangilio wa kosaini ya 2θ, θ ikiwa pembe ya mwelekeo wa mtetemo wa mwanga. Kiungo cha elektrodi hakijali hivyo. Mwisho shusha joto. Ikiwa mkondo wa shoti haubadiliki sana lakini volti inapanda, ni upitishaji uliopungua, kama fomula inavyosema.

Na eneo. Chukua elektrodi zenye urefu wa mikromita 500, umbali mikromita 200, filamu nanomita 100, mkondo nanoampea 1. Ukigawa kwa mkato wa filamu, sentimita za mraba 5 × 10⁻⁷, unapata miliampea 2 kwa sentimita ya mraba. Ukigawa kwa eneo lililomulikwa, sentimita ya mraba 0.001, unapata mikroampea 1. Tofauti ni mara 2,000, na zote mbili huitwa msongamano wa mkondo. Ukisoma makala ya mtu, tafuta amegawa kwa nini kabla ya kushangaa.

Kuhusu wati

Endelea na mfano huohuo. Grafu ya mkondo na volti ya vifaa hivi ni mstari ulionyooka, hivyo kinachovunwa ni robo ya zao la volti na mkondo: 16 × nanoampea 1 × 0.25, nanowati 4. Jua kamili la miliwati 100 kwa sentimita ya mraba linamwaga mikrowati 100 kwenye eneo hilo. Ufanisi ni asilimia 0.004. Volti 16 zinapendeza kwenye kichwa cha habari, lakini zimenunuliwa kwa mkondo.

Sababu kubwa ni eV 2.7. Mwanga wenye wimbi refu kuliko nanomita 460 hivi unapita bila kufyonzwa. Filamu inakula zambarau na buluu, inaacha kijani, njano na nyekundu. Kuongeza kuta hakubadilishi hilo. Waliotaka ufanisi walienda kwenye pengo lenyewe: mwaka 2013 mchanganyiko wa KNbO3 na oksidi ya bariamu, nikeli na niobiamu ulishushwa hadi eV 1.39, na mwaka 2015 filamu za tabaka za Bi2FeCrO6, zilizorekebishwa kwa mpangilio wa chuma na kromiamu, zilifikisha asilimia 8.1. Mkondo hapo unavunwa kupitia unene wa filamu, si pembeni.

Kwa mwenye bajeti ya vitako viwili tu: kimoja DyScO3 ya (110) kwa mistari, kingine SrTiO3 iliyoinama nyuzi 4 kuelekea [110] kwa filamu isiyo na ukuta, vyote bila SrRuO3. Juu ya kila kimoja chora jozi za platinamu zenye umbali wa mikromita 10, 20, 50, 100 na 200, seti moja ikikatiza kuta na nyingine ikienda sambamba nazo. Kwenye filamu isiyo na ukuta, seti hizo zifuate mshale na kuukatiza. Volti kwa mikromita ikilingana kati ya filamu hizo mbili, ukuta haukuchangia. Ile ya mistari ikiwa chini, ukuta unavuja, na ukiongeza oksijeni wakati wa kupoza kuna nafasi ya kuurekebisha. Ikiwa juu, rudia kipimo cha nusu-wimbi kabla ya kumwambia mtu yeyote.